Macho Yanayoshindwa Kukutana Karibu: Kalamu, Prizimu au Kliniki?

Mtazame mtu mwenye tatizo hili akisoma. Dakika tano za mwanzo hana neno. Ya kumi anasugua paji la uso, ya kumi na tano anarudia mstari aliokwisha kuusoma, kisha kiganja kinapanda chenyewe na kuziba jicho moja. Maandishi yanatulia. Ukimuuliza kwa nini ameziba jicho, mara nyingi hana habari kwamba amefanya hivyo.

Kiganja hicho kinaeleza mengi kuliko chati ya herufi ukutani. Chati husomwa kwa umbali wa mita 6, jicho moja baada ya jingine. Udhaifu wa kukutanisha macho hujitokeza karibu, tena pale macho mawili yanapolazimika kushirikiana. Ndiyo maana mtu anaweza kupimwa, akapata 6/6, yaani uoni wa kawaida, kila jicho, akaambiwa macho yake ni mazima, na jioni hiyohiyo akarudi kwenye kitabu kilekile kinachomchezea herufi.

Daktari wa macho Mjerumani, Albrecht von Graefe, alilieleza tatizo hili mwaka 1855. Hadi leo watu wanabishana kuhusu tiba yake, na sehemu kubwa ya ubishi huo inatokana na kulinganisha vitu visivyofanya kazi moja. Prizimu, yaani lenzi yenye umbo la kabari inayopinda mwanga, haifanyi kinachofanywa na mazoezi, na mazoezi hayafanyi kinachofanywa na upasuaji. Kabla ya kuuliza ipi ni bora, inabidi kuuliza kila moja inabadili nini.

Hesabu ya mahitaji na akiba

Ukitazama mbali, mistari ya macho yako mawili huenda sambamba. Ukileta kitabu karibu, kila jicho lazima ligeuke kuelekea puani. Kiasi cha kugeuka hupimwa kwa diopta za prizimu. Diopta moja ni kuhama kwa sentimita 1 kwenye umbali wa mita 1. Mtu ambaye mboni zake zimeachana sentimita 6, akisoma kwa sentimita 40, anahitaji diopta 15. Akileta kitu hadi sentimita 10, mahitaji yanafika 60.

Sehemu ya kazi hiyo huja bure. Jicho linapofokasi karibu, ubongo hutuma pia amri ya kuyaingiza macho ndani. Kwa watu wenye udhaifu huu, amri hiyo ni hafifu: kila diopta ya kufokasi (hiyo ni ya nguvu ya lenzi, si ya prizimu) inaleta mgeuko mdogo mno. Daktari akifunika jicho moja ili kuvunja ushirikiano, jicho lililofunikwa linakimbilia nje. Hiyo ndiyo eksoforia, na kwenye tatizo hili ni kubwa karibu kuliko mbali, kwa kawaida kwa diopta 4 au zaidi. Pengo linalobaki lazima lizibwe kwa juhudi. Uwezo wa kuliziba tuuite akiba.

Mtaalamu wa uoni Charles Sheard aliweka kanuni ambayo bado inatumika: akiba iwe angalau mara mbili ya eksoforia. Mwenye eksoforia ya 12 anahitaji akiba ya 24 ili asome bila kuchoka. Mwenye eksoforia ya 12 na akiba ya 10 anaweza kuona kimoja, lakini anaishi kwa kukopa, na baada ya dakika kumi na tano deni linadaiwa. Hapo ndipo mistari inapopandana, kichwa kinauma juu ya nyusi, na usingizi unakuja ghafla kila kitabu kinapofunguliwa.

Tiba zote zinaingia katika hesabu hii. Prizimu hupunguza mahitaji. Mazoezi huongeza akiba. Upasuaji huhamisha mahali macho yanapopumzikia.

Kwanza hakikisha ni ugonjwa huu

Vipimo vitatu ndivyo vyenye uzito: tofauti ya eksoforia kati ya karibu na mbali, akiba (inayopimwa kwa kuongeza prizimu yenye kitako, yaani upande wake mnene, kuelekea sikio hadi picha ififie au ivunjike), na nukta ya kukutana, yaani umbali kutoka usoni ambapo kitu kimoja kinachosogezwa puani kinageuka viwili. Nukta ikivunjika kwenye sentimita 6 au zaidi, hiyo ni dosari. Akiba isiyofika mara mbili ya eksoforia, au inayoishia kwenye diopta 15 na chini, nayo ni dosari.

Nukta ya kukutana ndiyo inayopimwa vibaya kuliko vyote. Kosa la kwanza ni kutumia kidole au kofia ya kalamu. Kitu kikubwa chenye ukungu hakimlazimishi mtu kufokasi, na macho ya wengi yatakifuata hadi puani bila tabu. Tumia herufi ndogo. Kosa la pili ni kupima mara moja. Mwenye akiba ndogo anaweza kujikaza akafika sentimita 5 mara ya kwanza. Mrudishe mara tano au kumi na utaona nukta ikirudi nyuma hadi 9, hadi 12. Kosa la tatu ni kumtegemea anayepimwa peke yake. Kuna watu ambao ubongo wao huzima jicho moja badala ya kuona viwili, nao watakuambia "bado kimoja" huku jicho moja limeshatoka nje waziwazi. Mtazame machoni, jibu lake pekee halitoshi.

Dalili nazo hupimwa kwa dodoso la maswali 15, kila jibu likipewa alama 0 hadi 4. Kwa watoto, 16 na kuendelea huhesabiwa kuwa na dalili. Kwa watu wazima mpaka huwekwa kwenye 21. Dodoso hilo halitofautishi chanzo. Mtoto mwenye shida ya umakini, au anayesoma kwa tabu kwa sababu nyingine kabisa, anaweza kupata alama 30 na macho yake yakawa salama. Litumike kufuatilia, lisitumike peke yake kutoa hukumu.

Halafu kuna mwigo wa ugonjwa. Mtu asiyeweza kufokasi vizuri karibu hukosa ile amri ya bure, na nukta yake huonekana mbovu. Mwekee lenzi za kusomea na upime tena: nukta ikiboreka, tatizo la kwanza lilikuwa kufokasi, na hiyo ndiyo ianze kutibiwa. Kwa mwenye udhaifu halisi, lenzi hizo haziongezi kitu, na zinaweza hata kuzidisha eksoforia kwa kuwa zinapunguza kufokasi, na amri inapungua nayo. Miwani ya kusomea inayonunuliwa kiholela ili "kupumzisha macho" huwaponza wengi kwa njia hiyo. Miwani ya rangi nayo haina kazi hapa, kwa kuwa rangi haigeuzi pembe ya jicho.

Na kabla ya zoezi lolote, tenga hali ambazo si za kufanyia mazoezi. Kuona viwili kulikoanza ghafla, kope iliyoshuka, mboni zisizolingana, viwili vinavyoonekana hata mbali, udhaifu unaozidi jioni, au kuona viwili hata jicho moja likiwa limefunikwa: mtu huyo apelekwe kwa daktari. Hilo la mwisho ni dalili kwamba kasoro iko ndani ya jicho lenyewe, labda kwenye konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho) au lenzi, wala si kwenye ushirikiano wa macho. Mtikisiko wa ubongo na ugonjwa wa Parkinson pia huleta udhaifu wa kukutanisha macho, na huko mpango wa tiba hutegemea ugonjwa wenyewe.

Kalamu

Zoezi la kusogeza kalamu puani ndilo linaloagizwa zaidi kwa sababu halihitaji kitu na hueleweka kwa nusu dakika. Nusu dakika hiyo ndiyo inayoliua. Mgonjwa huambiwa "sogeza kalamu mpaka puani, mara kadhaa kwa siku", akaenda nyumbani na kufanya jambo lisilofanana na zoezi.

Jinsi lilivyofanywa katika utafiti ni hivi. Kalamu ina herufi ndogo. Nyuma yake, kwenye ukuta ulio mbali kiasi cha mita 2, kuna kadi. Ukiitazama kalamu, kadi lazima ionekane mbili. Kadi hiyo ndiyo mlinzi: ikibaki moja, ubongo umezima jicho moja na unafanya mazoezi ya bure. Pepesa, tikisa kalamu kidogo, subiri kadi zirudi kuwa mbili, ndipo uendelee. Anza kwa urefu wa mkono, leta kalamu polepole katikati ya macho. Ikigeuka mbili, simama hapo na ukazanie kuirudisha moja. Ikikubali, endelea. Ikikataa kabisa, rudi nyuma kidogo na uanze upya. Lengo ni kufika sentimita 2 au 3 kutoka usoni ikiwa bado moja. Seti tatu za mara 20, jumla dakika 15, siku tano kwa wiki.

Makosa yake yanajulikana. Watu husogeza haraka, wakapita sehemu ngumu bila kuifanyia kazi. Husimama pale tu inapogeuka mbili, ilhali faida iko katika kuirudisha. Huacha kufokasi, herufi zikawa ukungu, wakaridhika kwamba kalamu ni moja. Na baada ya wiki tatu huchoka, kwa kuwa hakuna kinachobadilika: kalamu ni ileile, ukuta ni uleule.

Uzi na kadi ya mapipa

Kama ni lazima kufanyia nyumbani, mimi ningechagua uzi wa Brock kabla ya kalamu. Ni kamba ya takriban mita 3 yenye shanga tatu za rangi tofauti. Funga ncha moja kwenye kitasa cha mlango kwa usawa wa macho, nyingine ishike kwenye ncha ya pua, kamba ikiwa imenyooka. Weka shanga ya kwanza kwenye sentimita 40, ya pili kwenye mita 1 hivi, ya tatu karibu na mlango.

Tazama shanga ya karibu. Unapaswa kuona shanga hiyo moja, nyuzi mbili zinazokatana juu yake kama herufi X, na shanga nyingine mbilimbili. Uzuri wa uzi ni kwamba unakusomea kosa lako papo hapo. Nyuzi zikikatana nyuma ya shanga, macho yako yamelenga mbali mno, na hilo ndilo kosa la wenye udhaifu huu. Zikikatana mbele yake, umekaza kupita. Ukiona uzi mmoja tu, jicho moja limezimwa. Funika moja baada ya jingine ujue ni lipi. Kalamu haisemi lolote kati ya hayo.

Shikilia X kwa sekunde 5, hamia shanga ya kati, halafu ya mbali, rudi. Ikiwa rahisi, sogeza shanga ya karibu sentimita 2 au 3 kuelekea pua. Ukishaimudu kwenye sentimita 5, ondoa shanga na ufikirie mdudu anayetembea juu ya uzi kutoka mlangoni hadi puani, wewe ukimfuata kwa kuisogeza X. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba kukutanisha macho ni tendo la hiari, kama kukunja ngumi. Hisia hiyo ikishapatikana, mazoezi mengine huwa mepesi.

Kadi ya mapipa huja baadaye: kadi ndefu iliyochorwa mapipa matatu ya ukubwa tofauti, mekundu upande mmoja na ya kijani upande wa pili, yakiwa yamepakana kamili. Inashikwa ikigusa pua, pipa kubwa likiwa mbali. Unaunganisha jekundu na la kijani kuwa pipa moja lenye rangi zilizochanganyika, sekunde 5, kisha la kati, kisha dogo. Mara kumi. Anayetaka kuichora mwenyewe anaweza, ila mapipa ya pande mbili yasipopangana sawasawa kadi haifai kitu.

Kila seti imalizwe kwa kutazama mbali hadi picha itulie. Maumivu ya macho wiki ya kwanza ni ya kawaida. Kuona ukungu mbali kwa muda mrefu baada ya zoezi ni ishara ya kukaza bila kulegeza, punguza.

Kliniki hufanya nini zaidi

Mazoezi ya kliniki si kalamu inayofanywa mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Huanza na uzi na mapipa, yaani kukutanisha kwa ujumla, lakini haraka huhamia kwenye kuongeza akiba yenyewe. Hapa kuna karatasi mbili angavu zenye picha ileile, zinazotazamwa kwa miwani ya polaroidi ili kila jicho lione moja. Karatasi zinasogezwa zipishane, macho yanalazimika kuingia ndani zaidi ili picha ibaki moja, ilhali umbali wa kufokasi haubadiliki. Hilo ndilo jambo ambalo kalamu haiwezi. Ukisogeza kalamu, kufokasi na kukutana vinakwenda pamoja, na mtu anaweza kujikokota kwa amri ya kufokasi. Karatasi zinavitenganisha, akiba ikabaki peke yake uwanjani.

Mgonjwa anayefanya vizuri ataona picha ikionekana ndogo na kusogea karibu kadiri anavyokutanisha macho. Asipoona mabadiliko hayo, mtaalamu huuliza kwa nini. Kuna pia lenzi za kubadilishana, kuongeza na kupunguza, kwa ajili ya kufokasi, kwa kuwa udhaifu wa kufokasi hufuatana mara nyingi na huu wa kukutanisha. Mwishoni huja mirukaruko: kutoka mahitaji madogo hadi makubwa kwa mpigo, ndani kisha nje, kwa sababu maisha hayasogezi vitu polepole kama kalamu. Mwanafunzi anayeinua macho kutoka daftarini hadi ubaoni anaruka.

Tarakimu zinasemaje

Jaribio kubwa lililotikisa mambo ni CITT la Marekani, lililochapishwa mwaka 2008. Watoto 221 wa miaka 9 hadi 17 waligawanywa kwa nasibu katika makundi manne kwa wiki 12: kalamu nyumbani, programu ya kompyuta nyumbani pamoja na kalamu, mazoezi ya kliniki ya saa moja kwa wiki pamoja na kazi ya nyumbani, na mazoezi ya kliniki ya plasebo, yaliyofanana na halisi kwa sura lakini hayakugusa akiba. Waliofanikiwa au kupata nafuu kwa kuunganisha dalili na vipimo walikuwa asilimia 73 kwenye kliniki, 43 kwenye kalamu, 33 kwenye kompyuta na 35 kwenye plasebo.

Pingamizi la haraka ni kwamba kundi la kliniki lilipata muda mwingi zaidi. Ni kweli: saa 12 na mtaalamu juu ya robo saa za nyumbani. Lakini kundi la plasebo nalo lilikaa na mtaalamu muda uleule, likaishia 35. Muda na ukarimu peke yake havielezi pengo hilo. Mwaka mmoja baadaye, takriban asilimia 84 ya watoto wa kliniki waliokuwa wamepoteza dalili bado hawakuwa nazo.

Mazoezi ya nyumbani yalijaribiwa tena peke yake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 wenye watoto 204. Baada ya wiki 12, waliofanikiwa walikuwa asilimia 23 kwa kompyuta, 22 kwa kusogeza shabaha, 16 kwa plasebo. Ukisoma tarakimu hizo bila upendeleo, ni vigumu kumwambia mzazi kwamba programu ya kwenye kompyuta, iachwe peke yake na mtoto chumbani, ni tiba.

Hadi hapo kliniki inaonekana imeshinda. Halafu ikaja CITT-ART, mwaka 2019: watoto 311 wa miaka 9 hadi 14, wiki 16, kliniki halisi dhidi ya kliniki ya plasebo. Swali lilikuwa je, mtoto akitibiwa ataelewa zaidi anachosoma? Jibu lilikuwa hapana, angalau si zaidi ya plasebo. Makundi yote mawili yaliongeza alama za ufahamu kwa kiasi kinachokaribiana. La kushangaza zaidi, dalili kwenye dodoso nazo zilishuka kwa kiasi kilekile pande zote mbili. Kilichotofautiana ni vipimo: nukta ya kukutana iliboreka kwa sentimita 10.4 dhidi ya 6.2, na akiba iliongezeka diopta 23.2 dhidi ya 8.8.

Watetezi wa kliniki hupenda kuupita utafiti huu kimyakimya, na wapinzani hupenda kuunukuu peke yake. Kwa maoni yangu unatuambia jambo moja muhimu: vipimo, dalili na ufahamu ni mizani mitatu, na haipandi pamoja. Mazoezi ya kliniki yanabadili akiba; hilo halina shaka tena kwa watoto. Dalili ni mchanganyiko wa macho, umakini, uchovu na matumaini, na dodoso linavibeba vyote. Ufahamu uko mbali zaidi bado. Anayemuuzia mzazi miezi minne ya mazoezi kwa ahadi ya alama za darasani anauza asichokuwa nacho. Anayesema mtoto atakaa na kitabu bila macho yake kulegea mapema ana msingi, ingawa ajiandae kupima.

Kwa watu wazima ushahidi ni mwembamba zaidi, na tarakimu za watoto hazihamishiki moja kwa moja. Mtu mzima ana faida moja: ukimweleza kwa nini kadi ya ukutani lazima iwe mbili, ataichunga.

Prizimu

Hapa umri unageuza jibu. Mwaka 2005 watoto 72 walipewa miwani ya kusomea, wengine yenye prizimu iliyokokotolewa kwa kanuni ya Sheard, wengine isiyo na prizimu. Baada ya wiki 6, prizimu haikuwashinda wale wengine. Lakini utafiti mdogo wa mwaka 2009, wenye watu 29 wa miaka 45 hadi 68, uliwapa kila mmoja miwani ya progresivu (lenzi moja ya kuonea mbali na karibu) yenye prizimu na isiyo nayo kwa wiki tatu tatu, na hapo prizimu ilipunguza dalili waziwazi. Watu hao tayari wamepoteza uwezo wa kufokasi karibu, wanavaa lenzi za kusomea, na lenzi hizo zimewanyang'anya ile amri ya bure. Prizimu inawalipia.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua mara mbili ya eksoforia, toa akiba, gawanya kwa tatu. Eksoforia 12, akiba 10: 24 toa 10 ni 14, gawanya kwa 3 ni 4.7, tuseme diopta 5. Kugawanya kwa tatu kunatokana na kwamba kila diopta ya prizimu inafanya kazi mara mbili: inapunguza eksoforia hadi 7 na wakati huohuo inapandisha akiba hadi 15. Saba mara mbili ni 14, hesabu imekaa. Diopta hizo hugawanywa, 2.5 kila lenzi, kitako upande wa pua.

Yanayoharibika: fundi kugeuza kitako kikaangalia sikio, kosa linaloongeza mahitaji badala ya kuyapunguza (mvaaji atajua siku ileile). Prizimu ya kusomea kuvaliwa kutwa nzima, hata mbali ambako haihitajiki. Lenzi nene zenye michirizi ya rangi kingoni. Na macho kuzoea prizimu, eksoforia ikarudi ilivyokuwa nyuma ya miwani, mgonjwa akaomba nyingine kali zaidi. Mwenye kuomba hivyo mara ya pili anahitaji kupimwa upya kabla ya kuongezewa.

Kisu

Upasuaji wa kukaza misuli ya macho ya upande wa pua upo, na sindano ya sumu ya botulinamu kwenye misuli ya upande wa sikio nayo imejaribiwa. Tatizo lake linatokana na hesabu ileile. Ugonjwa huu uko karibu, na mbali macho huwa yamekaa karibu sawa. Ukivuta macho ndani ili kusaidia karibu, umeyavuta ndani mbali pia, na mgonjwa aliyekuwa akiona viwili kitabuni sasa anaona viwili barabarani. Wakati mwingine hali hiyo hupungua, wakati mwingine hubaki na kudai prizimu ya upande wa pili. Wachache wenye eksoforia kubwa walioshindwa mazoezi na prizimu ndio wanaofikiriwa, na waambiwe hili kabla ya kusaini.

Ningepanga hivi

Mtoto au kijana mwenye dalili, vipimo vimethibitisha, miwani ya namba sahihi tayari iko usoni: mazoezi ya kliniki kwa wiki 12 kama yanafikika, nukta na akiba zipimwe kila wiki ya nne. Kama hayafikiki, uzi wa Brock na kadi ya mapipa nyumbani, dakika 15, siku tano kwa wiki, mtu mzima akikaa pembeni na kuuliza kila mara "nyuzi zinakatana wapi?", na apimwe na mtaalamu kila mwezi. Wiki ya nane ikifika na nukta haijasogea hata sentimita 2, usiongeze muda. Rudi kwenye utambuzi, huenda kufokasi au kuzimwa kwa jicho kulipitwa. Aliyepita miaka 45, jaribu prizimu ya kusomea mapema, kwa fremu ya majaribio kwanza, asome nayo nusu saa kabla ya kukata lenzi. Aliyepata mtikisiko wa ubongo asianzishiwe zoezi lolote la nyumbani kwa kusoma makala kama hii.

Baada ya kupona, robo saa ya uzi mara moja kwa wiki kwa miezi kadhaa inatosha kuchunga. Kipindi cha mitihani au homa nzito ndipo nukta hupenda kurudi nyuma. Ipime kwa herufi ndogo, mara tano mfululizo, na uandike ile ya tano.